Masuke Yaliyoangushwa kwa Makusudi

  Aliye jikoni akikoroga uji na aendelee kukoroga, maana jambo letu la leo ni la jikoni hasa. Ni habari ya nyumba ambamo unga umekwisha na siku ya mshahara haijafika, au mshahara wenyewe haupo kabisa.

Somo letu limo katika Kitabu cha Ruthu, mlango wa pili. Wengi wetu twaipenda hadithi hii kwa ajili ya arusi iliyo mwishoni. Leo twataka kusimama shambani kwanza. Ruthu ni mjane, ni mgeni kutoka Moabu, naye anamlisha mama mkwe wake ambaye ni mzee. Sheria ya Israeli, kama tuisomavyo katika Mambo ya Walawi mlango wa 19, ilimkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni kabisa, na ilimkataza kurudi nyuma kuokota yaliyoanguka. Yaliyobaki yalikuwa ya maskini na mgeni. Basi, ndugu msikilizaji, ule haukuwa moyo mwema wa mtu mmoja tu. Ulikuwa mpango wa jamii nzima, umeandikwa, na mjane alikuwa na haki ya kuingia shambani kichwa juu.

Lakini Boazi aliongeza jambo ambalo sheria haikumtaka alifanye. Aliwaagiza vijana wake wachomoe masuke machache katika miganda, wayaache chini kama yaliyoanguka, wala wasimkemee yule mwanamke. Ruthu akaokota kama waokotavyo wengine. Jioni alipoyapura alipata shayiri kiasi cha efa moja. Hatusomi popote kwamba Boazi aliwasimamisha wavunaji wote ili washuhudie wema wake.

Hapo ndipo sisi tulipokosa. Tutawasimulia, ingawa si jambo la kujivunia.

Katika kanisa letu tuna kamati ndogo ya huduma. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kila nyumba inayoweza huleta gorogoro moja ya mahindi, au pakiti ya unga, au sabuni, au mafuta ya kupikia. Tulikuwa na desturi ya kugawa vitu hivyo baada ya ibada, pale mbele, karibu na mimbari. Tuliwaita wenye shida kwa majina. Mkutano ulipiga makofi. Mara nyingine picha ilipigwa. Twakiri kwamba makofi yale yalitupendeza.

Kulikuwa na mama mmoja tuliyemwita hivyo Jumapili nne. Mumewe alikuwa amefariki, naye anafua nguo za watu mtaani. Siku akipata nyumba mbili za kufulia hushukuru, siku asipopata hata moja hunyamaza. Alikuja mbele mara nne, akachukua unga wake, akashukuru kwa kupiga magoti kidogo. Jumapili ya tano hakuja. Ya sita hakuja. Baadhi yetu tulisema, Ah, labda amepata kazi. Wengine tulisema maneno mabaya zaidi: Ameshiba, amesahau kanisa.

Ilikuwa mwezi wa tatu ndipo wawili wetu walipokwenda kumtembelea. Alituwekea viti, akaomba radhi kwa kuwa hakuwa na majani ya chai. Tulipomwuliza sababu ya kutoonekana, alitazama chini kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Jamani, unga ulikuwa mzuri, Mungu awabariki. Lakini kijana wangu huko shuleni sasa anaitwa Mtoto wa Unga. Amekataa kuingia kanisani, nami siwezi kumwacha nyumbani peke yake kila Jumapili."

Tulikaa kimya. Kijana mwenyewe alikuwa pale pale nyuma ya pazia, twamwona miguu.

Haya yangetosha kutunyenyekesha, lakini siku ile tulijifunza la pili. Nyumba ile ilikuwa na mtu wa tatu. Kitandani pembeni alikuwa ameketi bibi mzee, mama wa marehemu mumewe. Mara nne tulimpa yule mama kilo mbili za unga, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza, Mko wangapi nyumbani? Tulijua hesabu ya pakiti. Hatukujua hesabu ya midomo.

Bibi huyo ana miaka 78. Wasikilizaji wengi wanajua kwamba Serikali yetu ina mpango wa Inua Jamii. Mpango wa kusaidia nyumba zinazolea yatima ulianza kwa majaribio mwaka wa 2004, na baadaye wazee na watu wenye ulemavu mkubwa wakaingizwa. Mwaka wa 2018 mlango ulifunguliwa kwa wazee wote waliofikisha miaka 70 wasio na pensheni. Kiasi chenyewe ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingine huchelewa, zikaja za miezi kadhaa pamoja. Si fedha nyingi. Lakini mwambie mama anayefua nguo kwamba shilingi 2,000 ni kidogo, uone atakavyokutazama. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, inasema wazi kwamba ni wajibu wa Serikali kuwatunza wasioweza kujikimu. Hii ndiyo pembe ya shamba iliyoachwa, wapenzi. Nayo ni haki. Bibi hahitaji kupiga magoti.

Mbona basi hapati? Tulidhani hajui. Kumbe anajua sana. Alikwenda mwenyewe kwa chifu akiwa bado na nguvu za kutembea, akarudishwa. Kitambulisho chake kinasema amezaliwa 1959. Kwa serikali yeye ni mtoto wa miaka 66.

Katika Ruthu mlango wa nne, Boazi aliondoka shambani akaenda langoni mwa mji. Langoni ndiko wazee walikokaa kuamua mambo. Tungeweza kusema ndiko kwenye ofisi ya chifu ya siku zile. Akaketi pale, akawaita wazee kumi, hakuondoka mpaka shauri limekwisha. Ruthu, mgeni na mwanamke, asingesikilizwa peke yake. Alihitaji mtu wa kwenda naye langoni, mtu ambaye wazee wangemvutia kiti. Twafikiri kwamba masuke yalimlisha Ruthu majira yale, bali safari ya langoni ilimpa nyumba. Sisi kanisani tunapenda sana masuke. Lango linatuchosha, maana kuna foleni.

Tulikwenda. Mara ya kwanza chifu alikuwa mazishini. Mara ya pili tulimpata, akatupokea vizuri, akasema kweli kwamba yeye hana uwezo wa kubadilisha tarehe ya kitambulisho. Twende ofisi ya usajili wa watu, na tupeleke ushahidi. Ushahidi gani? Bibi hakuzaliwa hospitali. Ndugu zake wakubwa wote wamelala.

Hapo mmoja wetu, mwalimu mstaafu, akamwuliza bibi: "Shosho, ulibatizwa wapi?" Akataja kanisa la zamani huko alikozaliwa. Tukafunga safari. Mzee wa kanisa lile alitutolea daftari kubwa la ubatizo, jalada limeliwa na mchwa, kurasa za ndani zi salama. Tukalipata jina lake. Amebatizwa mwaka wa 1959, umri wake miaka 12. Yaani karani fulani wa zamani, alipokuwa akimwandikia kitambulisho, alisoma kadi yake ya ubatizo akachukua mwaka wa kubatizwa akauandika kuwa mwaka wa kuzaliwa. Kosa la kalamu, na bibi analala njaa kwa ajili yake.

Tumepewa barua yenye muhuri wa kanisa lile. Tumeipeleka ofisini pamoja na kiapo cha bibi. Wameipokea. Jibu halijatoka, na hata likitoka itabidi kungoja wakati wa kuandikisha wazee wapya, kwa kuwa majina hayaingizwi kila siku. Hatuwaambii hadithi iliyokwisha vizuri.

Huku tukingoja, tumebadilisha namna yetu ya kugawa. Majina hayaitwi tena mbele. Tumepatana na mwenye duka mmoja mtaani: akija mtu aliyeandikwa katika daftari letu, anachukua unga, sukari, chumvi, mafuta ya taa, kwa kiasi tulichokubaliana, kama mteja mwingine yeyote, na mwisho wa mwezi kamati hulipa. Hakuna ajuaye isipokuwa mwenye duka na wawili wetu. Daftari lina sahihi mbili kila ukurasa, kwa sababu fedha ya sadaka ni fedha ya hatari. Tumewahi kudanganywa pia. Mtu mmoja alikuwa akila katika makanisa matatu. Tulimwonya kwa siri, na tukaona kwamba hasara yake ilikuwa ndogo kuliko hasara ya yule kijana nyuma ya pazia.

Habari ya kodi ya nyumba ilikuwa rahisi kuliko tulivyoogopa. Mwenye nyumba ni Mkristo mwenzetu. Tulikwenda kwake jioni, tukamwomba akubali kodi kwa mafungu mawili, nusu tarehe tano na nusu tarehe ishirini. Akasema, "Mbona hamkuja mapema?" Hatukuwa na jibu.

Karo ya kijana nayo inatuhusu kuliko tulivyodhani. Fomu za basari kwa kawaida zina nafasi ya chifu, na nafasi ya kiongozi wa dini kutia sahihi. Wachungaji wanaotusikiliza, twawasihi kwa upole: msitie muhuri fomu hizo kwa haraka mlangoni huku injini ya gari inanguruma. Mwacheni mama aketi. Mwulizeni mko wangapi. Mwulizeni kama kitambulisho ni sawa, kama cheti cha kifo cha mume kilichukuliwa, maana bila karatasi hizo milango mingi haifunguki. Na mwulizeni habari ya matibabu. Tangu Oktoba 2024 mpango mpya wa afya ulipochukua mahali pa ule wa zamani, asiye na mshahara hutakiwa shilingi 300 kwa mwezi kwa uchache, nazo huhesabiwa za mwaka mzima. Kwa yule mama ni shilingi 3,600. Kikundi chetu cha akina mama kinamwekea akiba hiyo kidogo kidogo.

Wapo watakaosema, Mtume Paulo aliwaonya Wathesalonike kwamba asiyetaka kazi asipewe chakula. Ni kweli, alionya. Lakini someni tena: ni asiyetaka. Mama huyu yuko karaini saa kumi na mbili asubuhi, maji baridi mpaka kwenye viwiko. Sisi wengi wetu saa hiyo tunasikiliza redio.

Kijana hajarudi kanisani bado. Juzi alitupita njiani akatuamkia, "Shikamooni," akapita. Tuliona ni jambo kubwa. Alhamisi hii wawili wetu watakwenda tena ofisi ya usajili pamoja na bibi; safari hii tumempatia teksi ili asipande matatu na goti lake lile.

Na tuombe.

Ee Bwana, uliyemwona Ruthu shambani, tunakutajia bibi huyu ambaye jina lake walijua. Mlainishe karani atakayeifungua barua yake. Utusamehe yale makofi. Umtazame kijana yule mahali alipo asubuhi hii, na mama yake mikono ikiwa majini. Utupe subira ya foleni siku ya Alhamisi. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.