Njiwa Haoni Haya Kurudi



Nimeombwa niseme machache juu ya njiwa, kwa kuwa hapa shuleni mliniita Bwana Njiwa. Nakubali, ingawa habari yenyewe itaniumbua.

Njiwa hatumwi popote mtu apendapo. Anajua safari moja tu, ya kurudi bandani kwake. Mchana huongozwa na jua. Mwaka 1971 mtaalamu wa Marekani, William Keeton, alieleza kwamba njiwa aliowafunga sumaku walirudi vizuri siku ya jua, lakini siku ya mawingu mara nyingi walipoteza mwelekeo. Yaani jua likijificha, njiwa huifuata nguvu ya sumaku ya dunia. Wataalamu wa Italia nao walionyesha kuwa hutumia pia harufu iletwayo na upepo.

Wangu niliwazoesha kidogo kidogo: kwanza niliwaachia Tinde, kisha Kahama. Mwaka 1991 nilipotoka Shinyanga kwenda kutafuta dhahabu Geita, nilibeba wawili katika tenga. Tulipatana na mama: akirudi mweupe, nimepata, akirudi wa kijivu, nimekwama.

Mwezi mzima mashimo ya Nyarugusu hayakunipa hata punje. Niliona haya, nikamwachia mweupe. Yule wa kijivu nilimuuza sokoni nipate unga.

Mweupe alifika jioni ile ile. Mama akawatangazia majirani, wakashangilia. Tangu hapo nikashindwa kurudi kwa miaka sita, maana ningerudi na nini? Siku niliyorudi, mama hakuniuliza dhahabu. Alisema tu, "Njiwa wako alikuja hana kitu, nikammwagia mtama. Wewe ulidhani nitakunyima?"

Ndugu zangu, wapo wenzetu wa darasa moja ambao hadi leo wako machimboni. Njia ya kuja hapa wanaijua. Lakini barua yetu ya mwaliko ilitaja mchango kabla ya kutaja tarehe, nao hawakuja. Naomba, Ndugu Mwenyekiti, mwakani barua iseme siku na mahali, basi. Mwenye nacho atachanga. Asiye nacho aje ale na wenzake.