Sura Tunazoziruka



Tangu santuri za CD zilipoanza kuuzwa huko Japani mwaka 1982, mashine za kuzichezea zimeingia katika nyumba nyingi. Nyingi ya mashine hizo zina kitufe cha programu. Kabla ya kuanza kucheza, twabonyeza kitufe hicho, twachagua wimbo wa saba, kisha wa pili, kisha wa tisa. Mashine hufuata mpango wetu, na wimbo tusioupenda hausikiki.

Lakini santuri yenyewe haikubadilika. Wimbo tulioruka ungalipo. Mpango wetu umo katika kumbukumbu ya mashine tu, na mara nyingi tukiitoa santuri, mpango wote hufutika.

Kupanga nyimbo si dhambi. Hatari ni kulipanga Neno la Mungu namna hiyo hiyo. Zaburi ya 23 twaifungua kila juma. Mathayo 18, panapotutaka tumsamehe ndugu bila kuhesabu, twapapita upesi, kwa sababu yuko jirani tusiyesalimiana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba. Paulo, alipoagana na wazee wa Efeso katika Matendo 20, aliwakumbusha kwamba hakuwapunguzia ujumbe.

Basi, wapendwa, juma hili tuifungue sura ile tunayoiruka. Tuisome mpaka mwisho, kisha twende tukabishe hodi kwa yule jirani. Bwana atusaidie. Amina.