Shamba Letu Mbele ya Jicho la Mashine



Zamani mnunuzi alionja kahawa tu. Leo auliza pia imeota wapi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 yakusudia kuzuia kahawa ya ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kuanza kwake kumeahirishwa mara mbili, lakini makampuni hayakungoja. Yamekwisha kuajiri akili mnemba, yaani mashine zilizofundishwa kusoma picha za setilaiti na kupambanua msitu na shamba.

Hapo ndipo penye shaka. Kahawa yetu hukaa chini ya migomba na miti ya kivuli, na shamba la namna hiyo, likitazamwa kutoka juu, laweza kudhaniwa msitu. Mkulima akipunguza kivuli (na nani asiyepunguza?) aweza kuhesabiwa mharibifu, naye hana habari.

Twawaomba, basi, mumpokee karani wa vipimo. Kwa shamba lisilozidi hekta 4 sheria yatosheka na nukta moja ya ramani. Sisi tutachora mipaka yote, pamoja na miti ya kivuli, na daftari litakaa hapa chamani. Siku mnunuzi atakaposema mashine imekataa, tutalifungua mbele yake.