Kompyuta Haiwaki, Mafaili Yangalipo

Mada iliyowasilishwa na Afisa Habari wa Halmashauri katika kikao kazi cha watendaji wa kata na vijiji



Nimeombwa kuzungumzia jambo lisilo la taaluma yangu. Mimi nilisomea kuandika habari na kupiga picha, si kufungua mashine. Lakini Afisa TEHAMA amenisukuma mbele kwa hoja kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami niliumwa kweli.

Miaka michache iliyopita kompyuta mpakato yangu ilizimika nikiwa kazini. Nilipoiwasha tena ilionyesha nembo ya mtengenezaji, ikaganda hapo hapo. Nikaipeleka kwa fundi mjini. Aliniuliza swali moja tu: "Nikupigie Windows?" Nikajibu ndiyo, kwa haraka ya mtu anayedaiwa taarifa kesho yake. Jioni nikakabidhiwa mashine inayowaka kama mpya, na ilikuwa mpya kweli, maana ndani hamkuwa na kitu. Miongoni mwa vilivyopotea ni sauti za wazee wanne niliowarekodi wakieleza alama za mpaka wa vijiji viwili: mbuyu, korongo na kisima cha zamani. Wawili kati yao sasa ni marehemu. Fundi simlaumu. Nilitaka mashine iwake, akaiwasha. Mimi ndiye niliyeshindwa kumwambia kwamba nilihitaji kilichomo.

Kutowaka kwa kompyuta ni jambo moja na kupotea kwa mafaili ni jambo jingine. Mafaili hukaa kwenye diski. Kioo, chaja, betri, bodi na hata Windows yenyewe vyaweza kufa vyote, diski ikabaki na kila herufi uliyoandika. Mara nyingi kinachoyaua mafaili ni ile tiba ya kufuta diski na kuweka Windows upya. Katika diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka, ambazo mafundi huziita SSD, kilichofutwa kwa kawaida husafishwa moja kwa moja baada ya muda mfupi, na hakuna programu ya kukirejesha.

Kwa hiyo anzeni na yasiyo na madhara. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 hivi, kisha rudisha chaja peke yake na ujaribu tena. Ikiwa feni inavuma lakini kioo ni cheusi, unganisha na projekta ya ofisi; nimeona mashine iliyokwisha kuandikiwa barua ya kufutwa kwenye daftari la mali, kumbe ni kioo tu. Iliyomwagikiwa chai isiwashwe kabisa. Na ukisikia diski ikigonga tik-tik, zima papo hapo, kwani kila jaribio la kuiwasha laweza kuiharibu zaidi.

Yakishindikana hayo, Kitengo cha TEHAMA kina njia mbili. Ya kwanza ni flashi yenye mfumo wa Linux, kama Ubuntu, unaopatikana bure: mashine huwashwa kutoka kwenye flashi hiyo pasipo kuitegemea Windows, mafaili yakaonekana, yakanakiliwa kwenye diski ya nje. Ya pili, pale bodi inapokuwa imekufa, ni kuitoa diski na kuiunganisha kwa waya kwenye kompyuta nzima. Baadhi ya mashine nyembamba za siku hizi zimelehemewa diski kwenye bodi. Hizo hazina budi kutengenezwa bodi kwanza.

Kuna kizuizi kimoja ambacho wengi hukigundua wakiwa wamechelewa. Baadhi ya mashine zenye Windows hufunga diski kwa BitLocker, na bila ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, diski iliyo nzima kabisa haisomeki. Mara nyingi ufunguo huo huwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kusajili mashine. Utafuteni leo mashine zikiwa hai, mwuandike kwenye karatasi na kuufungia kabatini, si ndani ya mkoba wa kompyuta.

Ndugu zangu wa vijiji, nanyi mna mzigo wa pekee. Mtendaji ndiye katibu wa mkutano mkuu wa kijiji, na ugawaji wa ardhi, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, huidhinishwa na mkutano huo. Muhtasari ambao haujachapwa wala kusainiwa, ukiwa umekwama ndani ya mashine isiyowaka, ni shamba la mtu. Mashine hizo hizo zina majina na habari za kaya, zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo zisiachwe kibandani usiku kucha. Zileteni hapa, na pale ambapo hapana budi ziende kwa fundi wa nje, Kitengo kitoe diski kwanza.

Baada ya chai, Afisa TEHAMA atafungua mbele yenu mashine mbili zilizoletwa wiki hii. Moja ina mihtasari ya miaka mitatu, na mwenyewe yumo humu ukumbini.

Naomba kuwasilisha.