Ushuhuda wa Mgonjwa na Tangazo la Biashara

(Mazungumzo mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya Kibondo na Kasulu)



Nimeombwa nijibu swali la chama kimoja cha wafuga nyuki: je, chama chaweza kuwaomba watu waliopona waseme, katika simu na katika lebo za chupa, kwamba asali yetu ndiyo iliyowaponya? Najibu kama mtu aliyefanya kazi ya utabibu vijijini miaka mingi, wala si kama mwanasheria.

Sote twakumbuka mwaka 2011. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila aligawa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi porini, yakitoka mikoani na nchi jirani. Mzee yule hakuwa na ofisi ya matangazo. Waliomtangaza ni watu waliokunywa, wakarudi makwao wakisema, "Nimepona." Wengi walisema kwa moyo safi. Lakini wako walioacha dawa zao za virusi vya UKIMWI kwa kuamini maneno hayo, na wako waliofia foleni. Hao hawakurudi kutoa ushuhuda. Hilo ndilo tatizo la ushuhuda, ndugu zangu: aliyekufa hapigi simu, na aliyeshindwa kupona huona haya kusema.

Sasa tutazame asali yetu. Asali ni chakula, na tangu mwaka 2019 ubora wa chakula husimamiwa na Shirika la Viwango. Siku chama kinapoandika kwenye chupa "hutibu vidonda vya tumbo na kisukari," kimetoka katika biashara ya chakula na kuingia katika biashara ya dawa. Huko wapo wasimamizi wengine: Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 2002. Kuyatia maneno hayo kinywani mwa mteja hakukiondolei chama wajibu, kwa kuwa aliyeyachapa ni chama. Na kwa kisukari maneno hayo ni hatari kabisa, maana asali hupandisha sukari ya damu. Kadhalika mtoto aliye chini ya miezi 12 asipewe asali hata kidogo, kwani yaweza kumletea sumu inayolegeza misuli mpaka pumzi. Onyo hilo lingefaa zaidi kwenye lebo kuliko sifa zote.

Wapo pia wanachama wenye maduka ya dawa muhimu, na wengine wamo katika kamati za zahanati. Hao wameniuliza kama ni kosa kumwomba mgonjwa maoni. Kumwuliza mgonjwa kama alipokewa vizuri, alingoja muda gani, kama alielezwa matumizi ya dawa, ni jambo jema. Lakini nani anauliza, na lini? Mgonjwa angali kitandani, naye mhudumu amesimama na sindano mkononi, atasema nini zaidi ya "ahsante sana"? Hapa kwetu Buha, ambako salamu tu huchukua muda na makofi hupigwa, ni shida mtu kumwambia mganga wake usoni kwamba hakuridhika. Basi aulizwe akisha kumaliza matibabu, aulizwe na mtu mwingine, asipewe zawadi, na waulizwe wote, si wale wenye nyuso za furaha peke yao. Mkichapa sifa mkaficha malalamiko, mmewadanganya wasomaji hata kama kila neno mlilochapa ni la kweli.

Juu ya majina nataka kusema kwa uzito. Sheria Na. 28 ya mwaka 2008 inalinda siri ya mtu mwenye virusi vya UKIMWI, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda habari za afya za kila mtu. Kuondoa jina hakutoshi. Ukiandika "mama mjane, fundi cherehani wa kijiji fulani," kijiji kizima kimekwisha kumjua.

Niliwahi kuona jambo lililonisikitisha. Mteja alilalamika katika kundi la simu kwamba duka fulani lilimwuzia dawa isiyofaa. Mwenye duka, kwa hasira, akajibu humo humo kwa kutaja ugonjwa alioujia mtu yule. Ndoa ilivunjika. Huenda dawa ilikuwa nzuri kabisa, lakini jibu halali lilikuwa moja tu: "Pole ndugu, tafadhali fika dukani tuzungumze." Hata kukiri hadharani kwamba fulani alikuja kutibiwa ni kutoa siri yake.

Narudi kwa wafuga nyuki. Wanunuzi waombeni waseme kuhusu ladha, usafi, ujazo wa chupa, na kama mzigo ulifika kwa wakati. Andikeni asali imetoka msitu gani na imevunwa mwezi gani. Nimeambiwa lebo za zamani zimekwisha chapwa, na kamati inasita kuzitupa kwa sababu ya gharama. Shauri langu ni kwamba sentensi ya uponyaji ifunikwe kwa karatasi ya gundi katika kila chupa kabla mzigo haujaondoka ghalani, na katibu azihesabu mwenyewe.

Nipo tayari kwa maswali.