Babu Yetu Alivuka na Wanne

Maneno ya wajukuu katika kumbukumbu ya miaka 30 ya kambi ya Dzaleka, Malawi, 2024



Kamati imetuomba tuseme machache juu ya babu yetu aliyefariki Novemba 2023, akiwa na miaka 85. Sisi wajukuu tuko wanne. Anayesoma ni mmoja, lakini maneno ni yetu sote.

Historia ya mahali hapa mnaijua. Palikuwa gereza walimofungwa wapinzani wakati wa Kamuzu Banda, na mwaka 1994 pakafanywa kambi. Ilipangiwa watu kati ya 10,000 na 12,000, nasi sasa tumezidi 50,000. Katika hao wote, leo tunamkumbuka mzee mmoja.

Babu alizaliwa upande wa Fizi, akawa mvuvi wa Baraka katika Ziwa Tanganyika. Kazi yake ilikuwa ya usiku usio na mwezi, taa za karabai zinapowavuta ndagaa juu. Oktoba 1996 vita ilipoingia Uvira na kushuka kuelekea kwetu, alitupakia mtumbwini, akapiga kasia gizani. Alikuwa akitusimulia: "Miaka yote niliwasha taa ili samaki waje. Usiku ule niliizima ili watu wasije."

Alivuka na watoto wanne. Watatu walikuwa wajukuu wa damu yake. Wa nne alimkuta ufukweni analia, hana mtu. Aliuliza mara tatu, "Huyu ni wa nani?" Hakuna aliyejibu. Akasema, "Basi ni wangu." Nani kati yetu ndiye huyo wa nne, hatutasema. Yeye mwenyewe hakusema mbele ya watu hata siku moja, isipokuwa mara moja tutakayoieleza.

Mwaka 1999, tukiwa Kigoma, alisikia kwamba binti yake ameonekana huku kusini. Tukapanda meli ya Liemba hadi Kasanga, tukapita Sumbawanga na Mbeya, tukavuka mto Songwe, tukafika Karonga, na mwisho Dzaleka. Binti yake hatukumkuta. Babu akasema miguu ya watoto imechoka, tukae.

Mvuvi asiye na ziwa alijifunza kufyatua matofali. Nyumba nyingi za mtaa wetu zina mkono wake, na mara nyingi malipo yalikuwa bakuli la unga. Alitupikia uji, alitufulia sare, alipanga foleni ya mgao kabla hakujakucha. Sokoni alipoona usipa wa Ziwa Malawi alimshika mmoja kiganjani akasema, "Anafanana na ndagaa, ila hanijui."

Sasa tuseme jambo zito. Alipoandikishwa hapa, Babu alitaja wajukuu watatu tu. Aliogopa kwamba akimtaja mtoto asiye wa damu yake, atanyang'anywa. Yule wa nne akaandikwa kwenye kadi ya jirani, mama mjane aliyekubali kusaidia. Alikula kwetu, alilala kwetu, lakini karatasi yake ilikuwa nyumba nyingine.

Mwaka 2006 tuliitwa kwenye mahojiano ya kusafiri nchi ya tatu. Ninyi mnaojua kungojea, mnajua furaha ya siku ile. Karatasi zilisema Babu na watatu. Wazee wa mtaa walimshauri aende, na huyo mmoja atafutiwa njia baadaye. Usiku ule hakulala. Asubuhi alikwenda akaeleza ukweli wote pamoja na kosa lake, akasema: "Nilivuka na wanne. Sitaondoka na watatu." Faili likasimama. Halikuendelea tena.

Ndugu zetu, tusidanganyane kwa kuwa ni siku ya kumbukumbu. Tulimkasirikia. Mmoja wetu alimwambia, "Umetufunga gerezani kwa ajili ya mtoto wa watu." Yule wa nne alikuwa mlangoni, akasikia. Babu hakumpiga aliyesema. Aligawa ugali mafungu matano kama kawaida, akatuambia tule. Kisha kwa muda wa wiki nzima alitandika mkeka wake mlangoni, akalala hapo, ili mtoto asitoroke usiku.

Mwaka 2023, wakimbizi waliokuwa mijini walipoamriwa kurudi kambini, mmoja wetu aliacha duka lake Lilongwe akarudi na mke na watoto. Babu alimpa chumba chake, yeye akahamia jikoni. Alitaka hata kukanyaga udongo wa matofali. Tulimkataza, akakaa kwenye kigoda akitusahihisha.

Siku zake za mwisho, aliyesema yale maneno ya 2006 alipiga magoti akaomba msamaha. Babu akamwuliza, "Maneno gani?" Hatujui kama alikuwa amesahau, au huo ndio ulikuwa msamaha wenyewe.

Tuna maombi mawili. Wazazi na walezi, mwandikisheni kila mtoto mnayemlea, na semeni ukweli mapema. Hofu ya Babu ilikuwa ya mapenzi, lakini ilitugharimu. Nanyi wafanyakazi wa mashirika, mnapohesabu jamaa, ulizeni pia nani wanakula chungu kimoja. Upo utaratibu wa kuangalia maslahi ya mtoto anayelelewa na asiye mzazi wake. Waelezeni watu kwa Kiswahili, siku ya kwanza. Babu hakuujua.

Majirani zetu Wamalawi, waliomwita Agogo, walitufundisha kwamba jina Dzaleka limetokana na neno la Kichewa la kuacha. Mfungwa alitakiwa aache, asirudie. Babu aliacha ziwa, mtumbwi na kaburi la mkewe. Mtoto hakumwacha.

 

Ni sisi wajukuu zake, wote wanne.