Maneno ya Mwenyekiti Siku ya Miaka Kumi: Baba, Binti na Kinanda

Habari za hesabu ameshazisoma mweka hazina wetu, mimi sirudii. Nimeomba dakika chache niseme jambo linalonisumbua. Ni la watoto wetu na vipaji vyao.

Wengi mnamfahamu marehemu Mzee Hukwe Zawose. Enzi za Redio Tanzania, sauti yake ikitoka redioni ulikuwa unaacha kuchambua mchele. Alikuwa Mgogo wa Doduma, Mkoa wa Dodoma, majirani zetu hawa. Ukipanda basi hapa stendi ya Babati ukaipita Kondoa, unaelekea kwao. Mwalimu Nyerere ndiye aliyemwita Dar es Salaam. Baadaye akawa Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981. Amezunguka dunia na ilimba na zeze la Kigogo, mpaka Uingereza wakamrekodi.

Lakini mimi leo simsifu kwa safari, namsifu kwa nyumba yake. Mzee yule alilea watoto, wajukuu na watoto wa ndugu ndani ya muziki, akafanya kikundi cha familia. Charles Zawose, mtoto wa ndugu yake, alikuwa akipiga jukwaa moja na yeye. Na muziki ule hausomwi kwenye noti. Mtoto anakaa kando ya mkubwa, anatazama vidole gumba vinavyobonyeza vile vyuma vya ilimba, anaiga, anakosea, anarudia. Ilimba yenyewe ni ubao na vipande vya chuma, zeze ni kibuyu, ngozi na nyuzi. Kilicho ghali pale ni muda wa baba. Jamani, waume zetu wangapi wanao muda huo? Wageni mnisamehe.

Mzee alifariki Desemba 2003. Binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wanaitwa The Zawose Queens, na mwaka 2024 walitoa albamu inayoitwa Maisha, nyimbo zao wenyewe. Hapo sasa nina neno. Wakati wa mzee, wanawake wa familia ile walikaa nyuma wakiitikia, mbele wamesimama wanaume. Hesabuni wenyewe, tangu 2003 mpaka 2024! Mafunzo walipewa toka wadogo, lakini ile nafasi ya mbele ilichelewa. Mimi simlaumu mzee peke yake, desturi ilikuwa hivyo, na sisi akina mama ndio tunaoishikilia. Nitawaambia kwa nini.

Mwaka jana mwenzetu mmoja aliomba mkopo wa shilingi 500,000. Siyo wa duka wala wa mbegu. Mume wake alitaka kumnunulia binti yao kinanda. Mtoto ana miaka tisa, na baba yake, ambaye anajua kidogo tu, kila jioni alikuwa akimfundisha kwenye meza. Ndiyo, meza! Amechora vile vibonyezo kwa chaki, mtoto anabonyeza, baba anaimba ile sauti. Yule mama alitueleza mwenyewe.

Tulicheka. Mjumbe mmoja akasema, mtoto wa kike huyo, kesho ataolewa aende na kinanda. Na mimi mwenyekiti wenu nikauliza, kinanda kinazaa nini, na marejesho yakikwama tukamate nini? Tukakataa. Kikao hicho hicho tulipitisha mkopo wa pikipiki ya kijana, bila kumuuliza mama yake maswali mengi. Pikipiki ile ilianguka kabla ya marejesho ya tatu, na hela tumeisubiri sana.

Asubuhi ya leo, kwaya ilipokuwa ikiingia, mlisikia kinanda. Niliona mgeni rasmi anageuka kutafuta mpigaji yuko wapi, maana haonekani, ni mfupi kuliko spika. Ndiye huyo binti. Kinanda ni cha kuazima na jioni kinarudi. Baba yake amekaa pale nyuma karibu na nguzo ya turubai, na hajui kama ningelisema hili. Baba, utusamehe.

Ile fomu sikuichana, iko kwenye sanduku. Kikao cha mikopo ni Jumamosi saa nane mchana. Wajumbe naomba msichelewe, na yule aliyesema habari za kuolewa nimemwekea kiti mbele.